Kuku wa Kuaga

Keumbu, Jumatano. Ukungu umekawia kuondoka leo. Hadi saa nne asubuhi nilikuwa nasikia magari barabarani bila kuyaona. Siku kama hizi ndipo ule mji wangu wa Bonde la Ufa hunirudia: harufu ya utepe wa taipureta, na benchi refu la ofisi ya wakili, ambako mwenye nyumba na mpangaji wake walikaa bega kwa bega wakisubiri kuitwa, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Nilikuwa karani wa wakili huyo hadi alipofariki. Baadaye nilikodi chumba kidogo, nikawa nawapigia watu chapa barua na mikataba. Nilikipenda chumba kile. Jua la asubuhi liliingia moja kwa moja hadi mezani, na wateja walinisimulia mambo ambayo hayakuhusu barua zao hata kidogo.

Kisha ukaja mwaka ambao majirani walianza kuulizana babu zao walitoka wapi. Mwenye chumba, mzee mpole tuliyekunywa naye maziwa mara nyingi, alisimama mlangoni akaniambia niondoke. Nilimshukuru. Nikaondoka na mke wangu, taipureta mkononi.

Nilimshukuru. Hilo nalikumbuka kuliko moshi wa nyumba zilizokuwa zikichomwa nyuma yetu.

Shamba la baba kule Suneka lilikuwa limeshagawanywa, kwa hiyo tulipokewa hapa Keumbu, katika ukoo usio wangu. Mtu kama mimi huitwa omomenyi, yaani mkaaji aliyekaribishwa kwenye ardhi ya wenyewe. Si tusi. Omomenyi hupewa mahali pa kulima, hualikwa harusini, husaidiwa kuzika. Mke wangu amelala hapa hapa, na wenyeji ndio waliochimba. Lakini omomenyi anajua kwamba siku akiambiwa basi, hufunga virago kwa adabu.

Nayaandika haya kwa sababu ya Moraa.

Moraa ana hoteli kando ya barabara: chai, mandazi, ndizi za kuchemsha, supu siku za soko. Alitoka kwao Nyansiongo akiwa msichana, akapewa chumba na mzee mmoja wa hapa ambaye sasa ni marehemu. Mjane wa mzee yule bado anaishi nyuma ya hoteli. Mwana wao, Onchari, anafanya kazi Nairobi, na juzi alirudi na mchoro wa ghorofa.

Leo Moraa amekuja kwangu na kuku kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Nimekuja kuaga, Baba. Onchari amesema nitoke mwisho wa mwezi."

Nikamuuliza amesemaje, kwa maandishi?

"Kwa mdomo. Mbele ya wateja, wengine bado wana mandazi mdomoni." Akacheka kidogo, kicheko cha kuficha. Kuku alikuwa wa kumpelekea mama wa nyumba, yule mjane, shukrani kwa miaka yote. Na mchana alitakiwa kutia sahihi karatasi ya Onchari, kwamba anaondoka kwa hiari yake.

Nikaweka kikombe chini.

Nikamwambia asitie sahihi kitu chochote. Akasema hana haki ya kukataa, kwa kuwa hajawahi kuwa na mkataba. Hapo ndipo wengi wetu hukosea, na ninyi mnaosoma huku mna vibanda na saluni, sikieni. Iko sheria ya maduka na hoteli, na inamlinda hasa mpangaji asiye na mkataba ulioandikwa. Hawezi kutolewa kwa mdomo. Mwenye nyumba lazima atoe notisi ya maandishi, kwa namna iliyowekwa, ataje sababu, na ampe muda usiopungua miezi miwili. Mpangaji asiyekubali humjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, na kabla ya tarehe ya notisi kufika, hupeleka malalamiko yake kwenye baraza maalum la mizozo hiyo. Kodi ya Moraa hulipwa kwa simu kila mwezi, kwa hiyo ushahidi anao.

Nilidhani atafurahi. Uso wake ukaanguka.

"Baba, mimi ni omomenyi hapa. Mgeni anamshtakije mwenyeji wake?"

Nilimwambia tu kwamba mgeni halipi kodi. Akampapasa kuku kama anayemuuliza. Kisha akasimama na kusema twende wote.

Mama wa nyumba tulimkuta jikoni, Onchari amekaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, simu mkononi. Moraa alipiga goti akampa mama kuku kwa mikono miwili.

"Huyu ni wako, Mama. Ni shukrani kwa mzee aliyenifungulia mlango. Lakini siondoki mwisho wa mwezi. Onchari aniandikie inavyotakiwa, nami nitamjibu inavyotakiwa."

Mama alimtazama kuku, akamtazama Moraa.

"Kumbe ulikuwa mpangaji," akasema. "Mimi nilidhani nina mtoto."

Maneno hayo yalinichoma mimi, sembuse yeye. Nilidhani atarudi nyuma.

"Nilikuwa vyote viwili, Mama. Na mtoto hafukuzwi mbele ya wateja."

Onchari akaruka. "Hana hata karatasi moja! Na wewe, Mzee, unaingilia nini? Wewe mwenyewe ni wa kuja!"

"Ndiyo," nikamjibu. "Ndiyo maana nilitaka kujua nikifukuzwa natakiwa kufukuzwaje."

Mama akacheka kabla ya kujizuia. Halafu akamgeukia mwanawe na kumuuliza kwa Ekegusii kama ni kweli alimwambia Moraa mbele ya watu. Onchari akaanza kueleza habari za benki na mkandarasi. Mama akarudia swali lile lile. Onchari akainamia simu yake.

"Basi mwandikie," mama akasema. "Baba yako hakuwahi kumtoa mtu kwa mdomo, hata mlevi." Kuku akamfunga kwenye mguu wa meza. Hakutukaribisha kukaa.

Sitaki kujidanganya. Kutaka kujenga upya ni sababu ambayo sheria inaitambua, na baraza linaweza kumpa Onchari haki. Moraa anaweza kupoteza chumba kile, na leo amepoteza kitu kingine jikoni mle ambacho hakuna baraza la kukirudisha. Nilimweleza yote hayo njiani. Akasema anajua.

Nimejiuliza pia kama mimi ningebaki, laiti ningesema neno kama hili siku ile mlangoni. Hapana. Sheria haizimi moto, na yule mzee mwenye chumba huenda aliniokoa. Lakini Onchari si moto. Ni kijana mwenye haraka, na haraka inaweza kuambiwa isubiri.

Jioni nilipita hotelini. Moraa alikuwa amesimama juu ya ndoo, akimwelekeza mtu wa mkokoteni mahali pa kuweka magunia. Ameagiza unga wa ngano wa mwezi mzima. "Weka huko ndani kabisa," alikuwa akimwambia, "palipo pakavu."

Mimi tangu nifike Keumbu hununua unga wa kilo moja moja, kama mtu wa kuondoka kesho. Mke wangu alinicheka kwa hilo hadi alipofariki, na sikuwahi kumweleza.

Mtu hujifunza lini kuagiza gunia?