Kitongoji Kilichokatwa Mtoni

Mwandutu, 2 Septemba 2024

Ndalahwa, mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Sumbawanga na hapa ni basi moja tu, lakini mahindi tumepanda, tumevuna, tumekula, na wewe hujaonekana. Kama umeoa sema, nijue huyo mke mwenzangu anakufungia wapi. U mzima? Kifua je? Mimi miguu inauma, mdomo mzima. Anayeandika ni Debora, mke wa Amos. Nimemkataza kulainisha maneno.

Wamekikata kitongoji chetu. Mto ndio mpaka sasa: sisi wa huku tumetupwa kwa wakulima wa kitongoji cha Kanisani, wenzetu wa ng'ambo kwa wale wa kitongoji cha Shuleni. Mto! Si ndipo ng'ombe wetu wote wanapokunywa, ndipo tunapoposana na kugombana? Tulipokuwa pamoja tulimchagua Masanja mwenyekiti, akaingia halmashauri ya kijiji, na kila walipotaka kulima njia ya ng'ombe alipiga meza. Sasa huku tu wachache, kule tu wachache. Masanja atachaguliwa na nani, na ndama?

Na mkutano wa kutukata wakauita siku ya mnada. Nani hajui kwamba siku hiyo sisi Wasukuma tuko Chala mnadani na ng'ombe wetu? Wewe unakaa ofisini na wakubwa wa mkoa. Kaulize.

Bibi yako, Kabula


Sumbawanga, 20 Septemba 2024

Bibi, shikamoo.

Kifua kimepoa, na sijaoa. Nimeuliza. Wanasema mkutano ulitangazwa, waliokuwepo walikubali, na muda wa pingamizi umepita. Mkubwa wangu anasema kila mtu bado ana kura yake, hakuna aliyenyimwa. Mkataba wangu ni wa muda, Bibi, siwezi kupaza sauti. Na Wilibrodi anayegombea uenyekiti wa Kanisani si mtu mbaya. Mpeni kura, mtaishi vizuri.

Mjukuu wako, Ndalahwa


Mwandutu, 15 Januari 2025

Ndalahwa,

Marahaba. Hujambo? Mimi sijambo, ila nimejaa hasira.

Kura tulipiga. Nilisimama kwenye foleni na mkongojo wangu. Masanja kaanguka, Wilibrodi kapita. Kweli si mbaya: babu yako alipofariki, yeye na wanawe ndio waliochimba kaburi, na mkewe Bertilla huniletea togwa ya ulezi. Lakini juzi halmashauri imekaa, njia ya ng'ombe imegawanywa kuwa mashamba, na hakuna hata aliyekohoa. Nikamfuata Wilibrodi nyumbani kwake.

"Mbona ulinyamaza, baba?"

Akainama. "Mama, walionichagua ni wakulima. Nikisema ng'ombe wapite, uchaguzi ujao wananitupa. Ninyi kwangu ni kaya chache."

"Na wenzetu wa ng'ambo?"

"Wale si wangu. Muulize mwenyekiti wa Shuleni."

Umesikia? Kura ninayo. Niambie basi niifanyie nini. Ng'ombe wanazunguka mlimani, wanafika mtoni ulimi nje. Ndama wa Amos kafia njiani.

Bibi yako


Sumbawanga, 1 Februari 2025

Bibi, shikamoo.

Poleni na ndama. Nimefikiri sana. Uza ng'ombe, uje nikutunze mjini. Chumba kipo, na bomba liko uani.

Mjukuu wako, Ndalahwa


Mwandutu, 12 Februari 2025

We kijana,

Afya yako nitaiulizia siku nyingine.

Bomba! Nani kakwambia mwenye kiu ni mimi? Nikiuza mimi, kesho atauza Amos, keshokutwa Masanja, na hata sisi wachache tuliobaki tutakuwa hatupo. Wao wametupunguza kwa mpaka, na wewe unataka kutupunguza kwa huruma? Toka hapa.

Sasa sikiliza. Masanja na wazee wa pande zote mbili za mto wamekwenda kwa mtendaji wa kijiji, wakakaa pale hadi akakubali kuitisha mkutano mkuu. Ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mnada hakuna. Tunataka kitongoji chetu kirudi kuwa kimoja, tujichagulie mtu wetu. Tutajaa hata wenye vichanga. Lakini Masanja wakimtajia kanuni anakwama, na wewe kanuni ndiyo kazi yako kila siku.

Panda basi la asubuhi. Ukishuka usije kwangu kwanza. Nenda mkutanoni, simama, taja jina la babu yako na boma ulikozaliwa, ndipo uwasomee hizo kanuni, wakusikie na Wilibrodi akusikie. Ukimaliza, njoo, maziwa yapo. Ukiona aibu usishuke. Endelea na basi hadi Kirando, huko ziwani, ukajinunulie dagaa, maana kwangu hujapikiwa.

Bibi yako, Kabula