Kila Kitu Orijino

3 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na gereji haikosi wateja. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inanionea. Lakini kabla ya yote, macho. Usinijibu "yapo" kama mara ya mwisho. Daktari alisema mtoto wa jicho hangoji, na wewe unamngojesha tangu mwaka jana. Pesa ya upasuaji nimekutumia mara mbili, umeirudisha mara mbili, eti baba hapokei posho kwa binti. Haya. Leo nimekuja na njia ambayo hata kiburi chako hakitaikataa.

Unajua kazi yangu, kufuta vumbi na kuandika orodha katika ghala la mama mmoja anayenunua na kuuza pikipiki za zamani. Nilidhani wanaotafuta za zamani wanataka za Ulaya tu. Kumbe siku hizi wanagombania za Kijapani, zile za mbio za miaka ya sabini na themanini: Honda za silinda nne, Kawasaki za silinda tatu, na zile Suzuki na Yamaha za kuchanganya petroli na oili ambazo hazitengenezwi tena. Vijana waliozitamani wakiwa hawana kitu, sasa wana vitambi na akiba. Na zilizo nzima ni chache, maana nyingi ziligongwa, na zilizopona zilichokonolewa.

Wiki iliyopita ililetwa Yamaha ya bluu, ndugu yake na ile yako inayolala chini ya turubai nyuma ya gereji. Wanaume watatu watu wazima walipiga magoti mbele yake. Nikamwambia bosi kwamba baba yangu anayo kama hiyo, aliinunua mpya akiwa kijana na hajawahi kumpa mtu. Akaweka kikombe chini. Amesema kama ni orijino, atakuja kuiona mwenyewe mwezi wa sita. Ikiuzwa hiyo, Baba, macho yote mawili yanatibiwa kwa mali yako mwenyewe, na hakuna atakayesema unalishwa na binti.

Nitumie namba ya injini na ya fremu. Na kumbuka anachotaka huyu mama ni orijino. Kila kitu orijino.

Binti yako

19 Aprili

Mwanangu Namba Kumi,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima, mgongo unalalamika lakini kazini unakwenda. Nilikuita jina la ile spana kwa sababu gereji haikufanya kazi bila wewe. Nilisahau kwamba ndiyo spana inayopotea kuliko zote.

Macho yapo. Usinune. Asubuhi naona vizuri, mchana jua linanisumbua kidogo, jioni nani anahitaji kuona? Yule dereva wa lori jirani yetu aliingia hospitali akiona nusu, akatoka anapapasa kuta. Kwa hiyo usinikimbize. Na kama maandishi yangu yamekuwa makubwa na mistari inapanda kama ngazi, laumu kalamu.

Sasa tuzungumze mambo ya maana. Mama yako, Mungu amrehemu, siku nilipoileta pikipiki ile nyumbani aliizunguka mara moja, akasema siti hiyo ni ya mtu mmoja na kichaa chake. Alikubali kupanda mara moja tu, akafumba macho safari nzima, tukarudi nikiwa na alama za kucha zake tumboni. Ninyi mlipozaliwa nikaifunika. Sikuwahi kufikiri kwamba watu wenye akili zao watapanda ndege kwa ajili yake.

Lakini umesema orijino, na hapo umenigusa penyewe. Miaka arobaini nimepigana na feki. Hakuna mteja aliyetoka kwangu na plagi ya bandia, hata aliyeniomba kwa sababu ni rahisi. Mwambie mama huyo atulie. Kazi nimeianza jana. Namba nitakutumia, kwa sasa zimejaa grisi.

Baba yako

30 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima kwa kuandika tu, roho iko mkononi. Umesema kazi umeianza. Kazi gani, Baba? Tafadhali, barua hii ikikufikia umeshika spana, iweke chini kwanza, kisha uendelee kusoma.

Kosa ni langu. Nimekaa huku miaka sita na neno limegeuka mdomoni mwangu bila mimi kujua. Kwenye gereji yetu orijino ni kitu kisicho feki, kipya, cha ndani ya boksi lenye nembo. Kwa watu hawa orijino ni kile kilichozaliwa na pikipiki yenyewe, hata kama kimekwaruzika. Rangi ya kiwandani iliyopauka kwao ni bora kuliko rangi mpya inayong'aa. Hata kutu wanaipenda. Mimi hapa nimekatazwa kufuta kutu mpaka bosi aione kwanza. Pikipiki yako ina thamani kwa sababu umeifunika na hukuigusa, yaani kwa mara ya kwanza maishani uvivu ungekulipa kuliko ufundi.

Kwa hiyo usibadilishe chochote. Usipake rangi. Ulichotoa, kirudishe. Na namba zile, grisi inafutwa kwa kitambaa, wewe ndiye uliyenifundisha. Kwa nini hujanitumia? Nijibu haraka, Baba, nina wasiwasi na sijui hasa ni wa nini.

Binti yako

6 Mei

Mwanangu,

Marahaba ya mapema, maana barua yako sijaipata na siwezi kungoja. Mimi mzima, na nina furaha kama siku niliyofungua gereji.

Imekamilika. Kabureta mbili mpya, plagi, nyaya, indiketa zote nne, mnyororo, saa ya mwendo, siti. Kila kimoja kimetoka kwenye boksi lililofungwa, na mwenye duka la spea ameniapia kwa mama yake. Orijino tupu. Vya zamani nilivitia kwenye gunia, mnunua vyuma chakavu akapita, nikampa bure kwa kuwa nilikuwa na moyo mweupe siku hiyo. Tangi nililipiga msasa mpaka chuma kikatoka, nikapuliza rangi mwenyewe. Kopo lilipoisha upande mmoja, nikamalizia na lililokuwa kabatini, bluu ileile. Unajua mimi sipaki rangi kama anayepaka ukuta. Ikikauka, mshona viatu wa hapa mlangoni atakupigia picha kwa simu yake.

Kilichobaki ni kuijaribu barabarani. Pikipiki ya mbio haiuzwi kwa maneno. Nimepanga Jumamosi ya tarehe kumi na nane, asubuhi watu wakiwa wachache. Miaka thelathini na miwili sijaipanda, lakini mwili hausahau.

Baba yako

10 Mei
(ujumbe kwenye simu ya mshona viatu)

Shikamoo mzee wangu. Picha imefika, asante. Naomba umsomee baba maneno haya polepole, mkiwa wawili tu. Baba, kazi ni nzuri na mkono wako naujua. Lakini tangi upande wa kulia ni bluu, na upande wa kushoto ni kijani. Kijani kabisa, Baba. Wewe uliona hivyo? Pikipiki iache. Niambie ukweli kuhusu macho. Mimi binti yako.

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijui nakusalimia ukiwa wapi.

Barua yako ya tarehe sita nimeipata leo. Nimesoma mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na nane, nikaenda kutazama kalenda ya ghala. Jumamosi imepita juzi. Tangu nitume ule ujumbe hakuna aliyenijibu. Simu ya mshona viatu inaita, haipokelewi. Nimepiga mara ishirini leo peke yake, kisha nikaacha kuhesabu. Inaita vizuri, Baba, ina maana anaiona. Mtu anayeona simu asiipokee ana jambo ambalo hataki kulisema.

Naandika barua kwa kuwa sina la kufanya na mikono yangu, na kwa kuwa nikiacha kuandika nitaanza kufikiri. Bosi nimemweleza yote. Amesema hatakuja, kwa pikipiki hiyo hakuna cha kununua tena. Nikajikuta sijali hata kidogo. Mwezi na nusu huu nimekushawishi uuze kitu, kumbe nilikuwa nakutia mikononi kitu ambacho hukupaswa kukigusa kwa macho hayo. Ningesema tu, Baba nakuja, nakupeleka hospitali nikikuvuta kwa shati. Badala yake nikaona haya kukuaibisha, nikatunga ujanja.

Nimeomba ruhusa kazini. Kama uko hai, nikaripie kwa kupiga simu ishirini. Ukinikaripia nitafurahi.

Binti yako

23 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Anayeandika ni mshona viatu, mimi nasema. Amenisihi nikuombe radhi kwa niaba yake. Simu zako nilimkataza mimi asizipokee mpaka nipate la kusema. Ujumbe wako alinisomea siku ileile. Na barua zako, hata ile ya orijino iliyonikuta nimeshamaliza kazi, kwa taarifa yako, ananisomea yeye tangu mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Aliponisomea habari za bluu na kijani nilimfokea, nikasema kamera ya simu yake ndiyo inayohitaji upasuaji. Siku nne sikumsalimu.

Kwa hiyo Jumamosi nilipanda kwa hasira. Nilitaka kuwaonyesha, wewe na yeye. Iliwaka kwa teke la tatu. Mwanangu, sauti ile! Nilitoka mlangoni taratibu, nikaingia barabara ya vumbi, mwili ukakumbuka kila kitu kama nilivyosema. Hatua kama mia mbili hivi nilikuwa kijana. Mbele niliona kivuli, nikadhani ni cha nguzo ya umeme. Nguzo ikapiga kelele. Nilishika breki zote, tairi la nyuma likaserereka, nikasimama.

Alikuwa mwanamke, ana mtoto mgongoni. Tairi la mbele lilikuwa limeshika upindo wa kanga yake. Nilisikia akihema, nikasikia mtoto anaanza kulia. Akaniuliza, "Mzee, wewe kipofu?"

Watu huuliza hivyo kwa hasira, hawangoji jibu. Mimi nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Nadhani alijiandaa kwa matusi, si kwa hilo. Ni mara ya kwanza nimelisema, na nimelisema kwa mtu nisiyemjua, nisiyeweza hata kumwona uso. Akanisaidia kuigeuza pikipiki, nikaisukuma mpaka nyumbani, yeye akitembea pembeni ananiambia hapa shimo, hapa jiwe.

Jumatatu mshona viatu alinipeleka hospitali. Wamenipa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita, jicho la kulia kwanza. Ile pesa niliyoirudisha, itume tena, nitaipokea.

Naogopa sana, mwanangu. Yule dereva wa lori hanitoki kichwani. Wamesema aje mtu wa kunishika mkono nikitoka, na mshona viatu amejitolea, lakini nimewaambia anakuja binti yangu. Nimewaambia kabla ya kukuuliza.

Baba yako