Yaya, Hukuteleza

Yaya yangu Prosper, kaka yangu mkubwa,

Nimelivunja lile neno uliloniachia. Jumapili nilimwambia mama ukweli, nami nakuandikia ili nawe ujue.

Unakumbuka ulivyonipokea kule mbugani? Nilishuka kwenye lori na gunia tupu, ukacheka. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kimefungwa, na mshahara wako wa ulinzi wa mbuga haukuja tena, lakini kila asubuhi ulivaa sare yako iliyochakaa ukaenda doria. Ulinipeleka kwenye chemchemi ya maji ya moto. Mvuke ulipanda kati ya majani, ukinuka kama mayai yaliyooza, na kandokando ya maji kulikuwa na ukoko mweupe. Mimi niliona chumvi tu. Niliwaza soko la Kikula, kwetu Likasi, wanawake wakigombania kuinunua kijiko kwa kijiko.

Ulipiga ardhi kwa fimbo, ikalia kama ngoma.

"Unasikia? Chini haiko udongo, iko mayi ya moto. Usikanyake pale, Béa."

"Na miye nitarudia kwa mama na nini?"

Kesho yake ulipotoka, nilienda peke yangu. Nilikuwa nimekwangua chumvi kidogo tu, mguu ukazama. Ulisikia kelele zangu ukaja mbio, ukalala kifudifudi, ukanitupia mkanda wako na kunivuta.

"Enda nyuma! Enda kwenye majani!"

Ulipoinuka, ukoko ukakatika chini yako, ukazama hadi kiunoni. Ulijitoa mwenyewe kwa viwiko. Mimi niliganda, hata mkono sikukupa.

Hospitalini Likasi hakukuwa na dawa wala bandeji. Mama alichana shuka zake kukufunga vidonda. Alipokuuliza imekuwaje, ulinitazama kwanza, kisha ukasema, "Niliteleza, mama." Ukaiaga dunia na neno hilo. Kwenye matanga, wamama wa parokia waliona mguu wangu ulioungua, wakanishika mikono: "Asante, mutoto. Ulijaribu kumuokoa yaya yako." Nikaacha wanishukuru, yaya.

Jumapili hii, baada ya misa, mama alianza kumsimulia mgeni jinsi nilivyokuvuta. Mgeni alipoondoka nikasema, "Mama, hakuteleza. Alikuja kunitosha miye mule kwenye mayi ya moto."

Akaingia ndani. Siku tatu hakunisemesha. Leo mchana aliweka sahani ya bukari, ugali wa moto, mbele yangu, akakaa.

"Weye ndiye ulienda kule, hata alikukataza?"

"Ndiyo, mama."

Akaisukuma sahani karibu nami. "Lya. Bukari inapola."

Sijui kama huo ni msamaha; sikuthubutu kuuliza. Nilikula, yeye akitazama ukutani, machozi yakimtoka bila sauti.

Pumzika, yaya. Sasa mama anakulilia kwa jinsi ulivyokufa kweli.

Mdogo wako,
Béa