Malaria ya Magoti Imepata Jina Lake

Mama Dokta,

Leo usingekaa kitini! Mashine ya kupima damu imesema. Hapa hapa Kasongo, si Kinshasa, mchana kweupe, nasi tumesongamana mbele ya kioo chake kama watazamaji wa mpira. Mstari ukaanza kupanda: kirusi kimo! Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio na ndoo ya maji, akidhani maabara inaungua.

Wewe ndiye uliyesikia kwanza. Kule Wamaza, katika Kabambare, unamkumbuka yule bibi aliyeshika mwimo wa mlango ili aweze kusimama? "Niko na malaria, dokta. Lakini haiko ya kichwa, iko ya magoti." Tulicheka sote, maana kwetu kila homa ni malaria, hata ile ya mapenzi. Wewe hukucheka. Ulimpima, malaria hakuna. Ukamuuliza kiungo kimoja kimoja, kisha ukainama juu ya pipa lake la maji, ukaibuka na viluwiluwi vya mbu ndani ya kikombe. Furaha uliyokuwa nayo! "Hii haiko malaria, Asumani. Hii ni virusi, na mbu yake inauma muchana."

Damu yake tuliyoituma Kinshasa iliharibikia njiani, barabara zetu unazijua. Ukaapa kuleta mashine huku. Ukagombana na wakubwa, ukaandika maombi, ukachoka. Ilipofika, ulikuwa umeshatutoka. Linaniuma hilo, Mama. Linaniuma sana.

Juzi magoti yakaanza tena Wamaza. Nikaenda kwa pikipiki, nikarudi na tope hadi masikioni, sanduku la barafu lenye damu ya wagonjwa nimelikumbatia. Hofu yangu ilikuwa moja tu: mashine ikinyamaza, watasema ulikuwa unaota.

Ni chikungunya, Mama! Ulisema kweli! Na jina lenyewe, wanasema, ni la Kimakonde: kile kinachomkunja mtu. Bibi wa Wamaza hajawahi kukutana na Mmakonde, ila magoti yao yanasema lugha moja.

Kesho narudi kule. Dawa ya kuua kirusi hiki sina, nitawaambia wazi. Lakini waache kumeza vidonge vya malaria bure, wafunike mapipa, wapumzishe viungo.

Pumzika nawe, Mama Dokta, Mungu akupe nafasi kubwa huko uliko. Nakuahidi hili: mgonjwa wa Kabambare hatangoja tena jibu mpaka apone au azikwe. Atalisikia angali anaumwa.

Mwanafunzi wako,
Asumani