Chuma Juu ya Paa la Baba

Malakisi, Jumamosi, Aprili 1992

Joto la kukaba koo. Tangu asubuhi hewa imesimama, hata majani ya migomba hayatikisiki. Mlima umefunikwa na wingu jeusi ambalo limekaa pale tu, haliji wala haliondoki. Mahindi yalipandwa, mpaka leo hayajaota. Watu wa hapa wamechoka kuangalia juu, siku hizi wanaangalia paa la Baba.

Juu ya paa hilo kuna chuma kirefu chenye ncha, na waya mnene wa shaba unashuka kutoka hapo ukutani mpaka ardhini. Kazi yake ni kupokea radi na kuizamisha udongoni kabla haijagusa nyumba. Baba aliona kimoja kwanza juu ya ghala la kununulia tumbaku, akauliza, akaelezwa, akaamua na yeye atakuwa nacho. Majirani wana maelezo yao. Wanasema kinafukuza mvua. Wanasema ni kidole ambacho mzee asiyeamini amemnyooshea Mungu, na Mungu amekasirika akatufungia sote.

Huo waya nilinunua mimi.

Nafanya kazi Kitale, kwa duka la hadiwea, la vifaa vya ujenzi, la Kalasinga mmoja mwenye kilemba, Bwana Gurdip. Baba aliponiagizia waya baada ya Krismasi, huyo mdosi wangu mwenyewe ndiye aliyenichagulia. Nilimuuliza kama hiyo si kumkosea Mungu. Alishangaa. Akaniambia yeye husali kila alfajiri, na chuma kama hicho kiko juu ya ghala lake, na hajaona hivyo viwili vikigombana hata siku moja. Nikiwa Kitale niliona ni jibu la maana. Hapa halinisaidii kitu.

Jana nilipofika, hata sijaingia bomani, Mzee Wafula alinisimamisha karibu na kinu cha kusagia unga. Ni mzee wa kanisa letu, amenijua tangu nikiwa mtoto. Alinishika mkono kwa upole, akaniuliza habari za mume wangu na watoto, akasikitika jinsi nilivyokonda. Kisha akasema Jumapili baada ya ibada kanisa zima litakuja kung'oa kile chuma. Ati nimsihi Baba akitoe mwenyewe kwa heshima, maana vijana wana hasira na yeye peke yake hawezi kuwazuia. Nikamuuliza, na Baba akikataa? Akageuka akaangalia banda letu la kukaushia tumbaku, lile la nyasi. Akasema ukame huu kila kitu kimekauka sana.

 Nilitembea mpaka nyumbani nikilitazama lile banda.

Leo asubuhi nimeenda kwa naibu wa chifu. Amenikaribisha vizuri, ameniletea kiti. Amesema mambo ya kanisa ni ya kanisa, na kwamba yeye mwenyewe kesho atakuwa hapo hapo kanisani. Nimekunywa chai yake nikarudi. Njiani nimekutana na wanawake niliosoma nao darasa moja. Wamenisalimia vizuri tu, lakini hakuna aliyesimama.

Sasa hapa ndipo nimekwama. Sijui niombe mvua au nisiombe. Isipokuja, watu watakuja. Ikija, itakuja na radi, na radi ikimpiga yeyote katika kijiji hiki, watasema Baba ameifukuza kwake akaisukumia kwao.

Nimeomba hata hivyo. Mimi naamini. Naimba kwaya kule Kitale, nafunga, natoa. Lakini acha niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayenisikia: imani yangu nyingi ni woga. Ngurumo ikilia mimi huacha sufuria jikoni na kuingia uvunguni mwa kitanda, mama mzima, watoto wangu wakinicheka. Na kuna jambo lingine ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Mimi silii kabla ya kuangalia mawingu.

Hiyo ilianza siku ya Mama.

Ilikuwa mwaka wa themanini na moja, nikiwa darasa la saba. Kina mama walikuwa kwenye maombi ya katikati ya wiki, kanisa likiwa limetoka tu kuezekwa mabati mapya. Mvua ikanyesha, upepo ukawa unapiga dirisha. Mama akainuka kulifunga, kwa sababu watoto wa wenzake walikuwa wamelala chini yake. Radi ikampiga hapo hapo. Yeye peke yake, kati ya wale wote.

Nilipofika mbio kutoka shule nilifungua mdomo nilie, na Senge, dada yake Baba, akaniziba kwa kiganja. Aliyechukuliwa na radi haliliwi, akaninong'oneza. Ukimlilia, inarudi. Mama akazikwa siku hiyo hiyo, mbali na boma, chini kule karibu na mto, na hakuna aliyetoa sauti. Nakumbuka watu wote wamefunga midomo wanaangalia juu. Nakumbuka ladha ya kile kiganja, chumvi na moshi.

Jumapili iliyofuata kanisa lilifanya ibada ya shukrani, kwa vile Mungu aliwaokoa wale wengine. Baba akawekwa kiti cha mbele. Alikaa mpaka wimbo wa kwanza ukaisha, akasimama, akatoka, na tangu siku hiyo hajarudi.

Watu wana maelezo yao kuhusu hilo pia. Ni kiburi. Ni pombe ya busaa. Kuna anayesema alirogwa, na kuna anayesema alikuwa hivyo tangu zamani, ila alijificha nyuma ya mke. Mimi mwenyewe niliamini ni ile ibada ya shukrani. Nilidhani alikasirika, na hasira ingeisha siku moja.

Leo baada ya chakula cha mchana nilimpelekea maji ya kunawa kule bandani, alikokuwa akirekebisha fito. Nikampa ujumbe wa Wafula wote, sikuficha kitu. Nikamwomba akitoe kile chuma, hata kwa wiki moja tu, mpaka mvua ije. Nilipiga magoti. Nilimwambia kwamba mwaka huu tumeona nyumba zikiungua kwenye machafuko ya upande ule wa mlima, na waliozichoma walikuwa watu waliokuwa wakisalimiana na wenye nyumba kila asubuhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nimekula. Nikaona anataka kuniponyoka, na hapo nikachemka, nikamuuliza kitu ambacho hakuna mtoto wake amewahi kumuuliza. Nilimuuliza kwa nini hamwamini Mungu.

Alikaa chini juu ya gogo. Akaanza kwa kusema kwamba baada ya mazishi, Wafula na wengine walikuja kumfariji. Walimwambia Mungu hafanyi jambo bila sababu. Kama alimchukua mmoja kati ya wengi, basi huyo mmoja alikuwa na lake. Waliongea kwa upole, kama vile Wafula alivyoongea na mimi jana.

"Na mimi niliwaamini, mama," aliniambia. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mamake. "Wao walisema tu. Mimi niliwaamini. Mkiwa shule nilifunga mlango nikavunja kufuli ya sanduku lake la bati, nikatafuta dhambi yake. Nilikunjua nguo moja moja. Nilinusa leso zake, kama kuna harufu ya mwanamume."

Nilitaka kumwambia anyamaze. 

"Nilikuta soksi zako za shule, alikuwa hajamaliza kuzishona. Sindano ilikuwa bado ndani."

 Kisha akasema hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Si kwamba nilimkasirikia Mungu kwa kumuua. Watu hufa. Lakini mimi nilimpenda yule mama, na nikiwa na Mungu moyoni nilimshuku akiwa kaburini. Nikaona huyo Mungu nikibaki naye atanifanya niwatazame hivyo hata nyinyi watoto. Ndiyo nikamwacha. Sijui kama yuko au hayuko, hiyo si kazi yangu. Chuma sitoi."

Nikamuuliza mbona hakutuambia. Akasema angetuambia nini, kwamba alinusa nguo za mama yetu?

Kisha akasema kitu kidogo, akiwa tayari ameinuka kuchukua panga lake. Alisema, "Na sikumlilia. Walisema itarudi, na nyinyi mlikuwa wadogo, nikaogopa itawachukua."

Miaka yote hii. Nilidhani ni mimi tu niliyezibwa mdomo.

Sasa ni jioni, jua linazama na taa bado haijawashwa. Nimekaa kibarazani na daftari hili magotini. Nimejaribu kuomba tena na maneno hayakuja, au yamekuja yakaenda kwa Mungu mwingine ambaye simjui vizuri bado, labda yule wa Bwana Gurdip asiyegombana na waya. Wale wanaouliza kwa nini watu wengine hawaamini wangekuja kukaa kwenye lile gogo. Lakini wale watakaokuja kesho hawaulizi.

Mzee Wafula amepita barabarani sasa hivi na vijana watatu. Amenipungia mkono. Kijana mmoja amebeba ngazi, kwa hiyo wameshaamua wataegemeza wapi. Mwingine amebeba kibuyu cha mafuta ya taa, na sitaki kufikiria ni ya nini. Huenda ni ya taa za kanisa.

Baba yuko ndani. Hana habari za ngazi, au anazo. Nimesikia amevuta kitu kizito kutoka uvunguni. Nimechungulia. Ni lile sanduku la bati, kufuli yake imevunjika vile vile. Amelifungua na ameshika leso mkononi, hafanyi kitu chochote nayo.

Nimwambie tukimbilie Kitale leo hii? Bado kuna gari la mwisho la kupitia Kiminini. Najua atakavyojibu. Na mimi nikimwacha hapa, nitawaambia nini wanangu, kwamba nilikuwa nawahi ibada ya kesho kule Kitale?

Ngurumo ya kwanza imelia upande wa mlima. Kavu, bila tone. Mkono wangu umeruka, ona nilivyochora hapa. Kila kitu mwilini kinataka kwenda uvunguni.

Baba ametoka na ile leso, amekaa kando yangu kibarazani. Mabega yake yanatikisika. Haangalii juu.

Ngurumo ya pili. Iko karibu zaidi.

Na mimi nalia, Mama. Sijaangalia mawingu. Ikitaka kurudi na irudi, na kesho hao nao wakija watatukuta hapa mlangoni, wawili.