Nywele za Msiba Mbele ya Wageni

Kwihara,
Tabora.
17 Agosti, 1975.

Mpendwa shemeji Wenceslaus,

Shikamoo. Hujambo huko Tanga? Mama Silasi hajambo, na mguu wake umepona? Mkonge bado unawachoma mikono? Sisi huku wazima. Mpwa wako Nyamizi alikuwa na kikohozi, sasa kimepungua. Mungu anatuangalia.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Kisomo cha watu wazima kimenisaidia. Zamani ningemwambia Silasi aniandikie. Hii hawezi kuiandika yeye.

Mvua zilikuwa chache. Mahindi ya kula tumepata, na karanga zimekubali. Tumehamishiwa kando ya barabara, nyumba zote mstari mmoja. Kaburi la dada yako Bertila limebaki kule kwenye kiwanja cha zamani. Jumapili huwa nakwenda kulipalilia. Kazi yangu ni ile ile, kibarua kwenye tembe la makumbusho. Nafagia, nakandika ukuta, nachota maji.

Sasa habari ya mwanao.

Silasi alifika baada ya mavuno. Tulifurahi, nikachinja jogoo. Unajua kijana yule amelala kwangu miaka yote ya shule. Dada yako ndiye aliyemlea. Mpaka leo mimi ananiita baba. Na wewe uliniletea neno kwamba anakuja na wembe, ataninyoa kwa niaba yako, msiba wa Bertila uishe. Nikasema vizuri. Mfiwa hajinyoi, anangoja mtu wa upande wa marehemu. Na nikiwa na nywele hizi nilizoziacha tangu tumzike siwezi kupokea wageni wa posa. Kuna watu wa Nzega wanamtaka Nyamizi. Nimewaambia wangoje.

Nilimwuliza Silasi, lini? Akasema, "Baba, ngoja kwanza nimalize kazi ya chuo." Nikangoja.

Kazi yenyewe ni hii. Wamemtuma kuangalia wageni wanaokuja makumbusho. Haangalii vitu, anaangalia watu wanaoangalia vitu. Anakaa pembeni. Nani kasimama wapi, nani kapita bila kugeuka, nani kacheka. Wakitoka anawauliza mlangoni, umependa nini, kipi kimekugusa. Nilidhani ananitania. Mtu asome mpaka Dar es Salaam, halafu arudi kutazama watu wanavyotazama.

Akaona wageni hawakai kwenye picha za wapagazi. Wanapita tu. Akaniambia, "Baba, hebu beba mzigo usimame pale karibu na picha, tuone kama watakaa." Pana furushi la nguo pale na pembe ya kuchonga ya mti. Nikabeba. Babu yangu alibeba pembe za kweli mpaka pwani. Sikuona aibu.

Wageni wakawa wanasimama. Mwanzoni hata mimi nilifurahi. Alikuja Mzigua mmoja dereva wa lori, mtani wetu. Akanizunguka, akasema, "We Mnyamwezi, mpaka leo hujafika Bagamoyo?" Nikamwambia, "Nilifika. Nimerudi kumbeba babu yako, alikaa njiani analia miguu." Watu wakacheka mpaka basi. Akanipa sigara. Utani wa namna hiyo sina neno nao.

Lakini Jumamosi iliyopita walikuja walimu, basi zima. Mimi nimebeba mzigo, nimeelekea ukutani. Mwalimu mmoja, mama mnene, akamwuliza Silasi, "Huyu mzee ni wa kwenu?"

Silasi akasema, "Hapana, mama. Ni kibarua tu wa hapa."

Alikuwa karibu nami, ningeweza kumgusa.

Yule mama akasogea. "Na hizi nywele? Mbona mmemwacha hivi?"

Silasi akasema, "Tumeziacha makusudi. Wapagazi wa zamani ndivyo walivyokuwa." Halafu akamwuliza, "Ukiziona unajisikiaje, mama?"

Mama akasema zinatisha kidogo, lakini ni nzuri, zinaonekana za kweli. Mwenzake akanyoosha mkono akazishika.

Shemeji, hizo ni nywele za dada yako.

Nikatua mzigo. Basi lao lilipoondoka nikamwita Silasi nyuma ya tembe. Nikamwuliza, "Mimi ni nani?"

"Baba, usikasirike. Wakijua wewe ni baba yangu watasema maneno ya adabu tu. Nataka waseme wanachokiona."

"Na nywele?"

Akaanza kupangusa vumbi kwenye kiatu chake.

"Ndiyo maana ulikuwa huninyoi?"

Akasema, "Ni siku chache tu, Baba. Sasa hivi wageni wanakaa sana mbele yako. Nikikunyoa..."

Mimi nilikuwa namngoja yeye amalize kazi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kichwa changu. Msiba wa mwanamke aliyemlisha, ameuweka pale pamoja na furushi na pembe ya mti, watu waupime.

Kesho yake akaja nyumbani na wembe. Amevaa shati jeupe, amebeba maji kwenye bakuli. Nyamizi akatandika mkeka. Nikamwambia Silasi arudishe wembe mfukoni. Aliyenikana mbele ya watu hawezi kukaa nyuma yangu akanishika kichwa. Akasimama mlangoni na bakuli lake, kisha akaenda. Nyamizi alilia. Alisema, "Baba, watu wa Nzega watachoka." Kweli, watachoka. Mimi nimechoka kabla yao. Lakini msiba wa mama yake haufungwi kwa mkono ule.

Usinijibu kwamba ni mtoto. Si mtoto. Usiseme ni mambo ya shule. Shule haikumtuma kunikana.

Nataka kitu kimoja. Uje wewe mwenyewe na wembe. Kama ruhusa hakuna, mtume mdogo wako Justus, Igunga si mbali. Watu wa Nzega nimewaomba wavumilie mpaka kilimo kianze. Mkikaa kimya wote, nitajua upande wa Bertila mmesema kama Silasi, kwamba mimi ni kibarua tu wa hapa. Basi nitajinyoa. Na Nyamizi nitamwoza peke yangu, hana mjomba.

Mama Silasi umwambie yote, asije akayasikia kwa mtu. Mwambie pia mwanae ni mzima, yuko Cheyo, mjini Tabora, amepata chumba. Sikumfukuza, aliondoka mwenyewe. Msalimie Benedikta na wanawe, na Shaban niliyekata naye mkonge. Nyamizi anawaamkia wote, shikamooni.

Mungu awaepushe na miiba na homa.

Mimi shemeji yako, nikupendaye bado,

Masolwa Limbu