Ilunga, Mi Nimeandikisha Jina

Ilunga ndugu yangu,

Siwezi kukaa. Tangu tukuzike natembea tu humu mtaani Kapata, mustari huu wa nyumba, mustari ule, mpaka mama ananiuliza natafuta nini.

Tulitoka buloko, lile gereza, siku moja, wewe, mi na Banza, batoto wa miaka kumi na saba. Miaka miwili kule tulilala kwenye sakafu yenye maji. Tulifikiri mabaya yameisha. Mulangoni kwenu tata yako, baba aliyekuzaa, akasema mbele ya majirani, "Mutoto wa buloko hataingia mu nyumba yangu." Ulicheka. Lakini mi nilikuwa nyuma yako, niliona unaurudisha mguu uliokuwa tayari ndani.

Halafu kazi. Kila ofisi ilidai karatasi ya mwenendo mwema. Ukawa unalala leo Kasulo, kesho kwetu, unakunywa lutuku, ile pombe kali, asubuhi kama chai. Na kile kikohozi. Nilikuomba twende dispensere, ukakataa: "Bakiandika jina yangu, batanirudisha kule." Nilikukasirikia, lakini sikukulazimisha. Ukweli ni kwamba mi pia niliogopa kile kitabu chao cha majina.

Ulipotema damu nyuma ya jiko letu tulikupakia kwenye baisikeli. Hukufika. Hata miaka ishirini ulikuwa hujaitimiza.

Kwenye matanga tata yako hakula. Siku ya tatu aliniita pembeni, akauliza kama ulikuwa unamutaja. Nikasema ndiyo, kila siku. Unisamehe, Ilunga. Sikuweza kumwambia kwamba hukumutaja hata mara moja.

Juma lililopita mi pia nilitema damu. Nikaenda dispensere. Muganga akafungua kitabu: "Jina yako, citoyen?" Raia, kama mutu yeyote. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari nje. Nikasema jina. Akaandika, akaniuliza nakohoa tangu lini, akanichoma sindano. Askari hakuja. Ni hivyo tu. Nililia njia nzima, kwa hasira, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo na wewe haupo.

Banza yuko Fungurume. Batu wanasema amekonda, anakunywa, anakohoa. Kesho napanda lori nimufuate. Atanitukana, unamujua. Nitangoja amalize.

Pumzika, ndugu yangu. Sindano yangu nyingine ni Alhamisi, na nakuahidi, kwenye ile benchi ya dispensere tutakaa wawili, mi na Banza.

Ni mi, Kalenga